Kamera Haina Mikono

Kamera ilikuwa ndogo kuliko ngumi ya mtoto, nyeupe, na tangu Hattie azaliwe ilikaa ukutani juu ya kitanda chake bila kumkosea mtu. Hattie akiamka akilia, Kendra hakuwa na haja ya kutoka alipo. Alibonyeza simu yake na kusema kwa sauti ya chini, "Mama yuko hapa. Kunywa maji yako, ulale." Mtoto alisikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye kile kidude, akapapasa kikombe chake cha plastiki kwenye meza ya pembeni, akanywa, akajilaza. Marlene, mama wa mumewe Brant, alipoonyeshwa mara ya kwanza alitikisa kichwa.

"Mmemfundisha kama mbwa," alisema. Halafu akaomba aonyeshwe tena.

Brant ndiye aliyesema kamera ihamishwe, na kabla ya kumlaumu ni vizuri kujua alikuwa ametoka wapi.

Huku kwetu Nebraska mtu akiumia mgongo, mji mzima unajua kabla hajafika nyumbani, na kufika jioni mabakuli ya chakula yamepangwa mlangoni. Brant aliumwa kichwani, kwa ndani, na kwa ugonjwa huo hakuna anayeleta bakuli. Alifanya kazi kwenye ghala la nafaka la ushirika, mtu wa utani, mtu wa kupiga mluzi akipanda ngazi. Kisha, bila msiba na bila ugomvi, akaanza kuzimika. Alirudi kutoka kazini, akazima pikapu uani, akabaki humo ndani, mikono kwenye usukani, mpaka Kendra atoke akagonge kioo. Majira ya kuchipua yaliyopita Kendra alimkuta kwenye karakana katika hali ambayo hakuwahi kumsimulia mtu, hata Marlene anayekaa ng'ambo ya barabara. Tangu siku hiyo ufunguo wa kabati la bunduki ulikaa ndani ya kopo la unga. Kila alipokanda mkate, Kendra alichovya vidole mpaka chini na kuugusa. Ukiwepo, alivuta pumzi, akaendelea kukanda.

Alikuwa anataka jambo moja tu, Brant aendelee kuwa hai.

Vidonge vya zahanati vilijaribiwa, vya aina moja, halafu vya aina nyingine. Daktari wa magonjwa ya akili aliye karibu alikuwa mji mkubwa, safari ya nusu siku, na kwake nafasi ingepatikana kiangazi. Basi Kendra alipoona tangazo kwenye simu, la kampuni inayotuma dawa kwa posta na kuahidi nafuu ndani ya wiki, alilisoma mara mbili, akampelekea Brant kochini.

"Ketamini?" Brant akasoma. "Si ndiyo ile daktari wa mifugo aliyomchoma farasi wa Rollie wa ghalani? Farasi alianguka kama gunia."

"Hii ni ya watu."

"Na farasi aliambiwa hivyohivyo."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu mavuno. Kendra angeinunua dawa kwa ajili ya utani huo peke yake.

Mwanamke wa kampuni, mwenye meno mazuri, akazungumza nao kwa video ya simu, akauliza maswali, akatabasamu, na kahawa ya Kendra ilikuwa bado ya moto alipoaga. Boksi likaja. Ndani kulikuwa na vidonge vya kumung'unya vyenye ladha ya cheri, kitambaa cheusi cha kufunika macho, na mashine ya kupimia presha. Kulikuwa na masharti pia. Lazima mtu mzima awepo nyumbani, akae karibu. Apime presha kwanza. Mgonjwa asiinuke peke yake, asiendeshe gari mpaka kesho. Dawa haimezwi. Inawekwa mdomoni, inayeyuka, kisha mate yote yanatemwa kwenye kikombe, na yule aliyekaa naye anakichukua kikombe papo hapo, anamwaga, anasuuza. Kendra aliyafuata yote kama mwanafunzi anayeogopa kufeli.

Jioni ya kwanza alikaa kitini kando ya kitanda, akamwona mumewe akilia chini ya kile kitambaa, bila sauti, machozi yakiingia masikioni. Alipotoka huko alikokuwa, Brant alisema, "Nimeona kama mtu amefungua dirisha kwenye chumba ambacho sikujua kina dirisha."

Asubuhi alipika chapati za maji za kumiminiwa sharubati nzito, akapika nyingi kupita kiasi. Akafunga bembea ya Hattie uani, kwenye baridi, akipiga mluzi. Wiki hiyo Kendra alikanda mkate, akautia kwenye tanuri, na ni wakati wa kuosha mikono ndipo alipokumbuka kwamba hakuugusa ufunguo. Akasimama pale kwenye sinki akicheka peke yake kama mwehu.

Wale wanaosema dawa hii ni uongo hawakuiona wiki ile.

Lakini dirisha lilianza kujifunga upesi. Mwanzoni nafuu ilikaa siku nyingi, baadaye chache. Brant aliwaandikia kampuni, na jibu likaja na kipimo kikubwa zaidi na picha ya moyo mwekundu. Hakuna aliyemtazama uso. Hakuna aliyeuliza kwa nini anakwenda chooni kila saa na kurudi amekunja midomo. Mwenyewe alisema ni baridi. Akatuma tena, wakaongeza tena. Akaanza kuitaka na Jumatano pia.

Jumatano ilikuwa ya Kendra. Alikuwa anasomea kazi ya usaidizi kwa daktari wa meno, masomo ya jioni, kwenye mji wa makao makuu ya wilaya, na alikuwa amebakiza muhula mmoja.

"Subiri kesho," alimwambia. "Kesho nipo."

"Kufika kesho kuna usiku wa leo wa kuvuka."

"Basi nimwite mama yako akae nawe."

"Mama? Kabla sijafumbua macho, kikundi cha maombi kizima kitakuwa sebuleni na vimkate vya kolachi vya plamu."

"Kolachi zake si mbaya."

"Kendra. Sitaki Mama ajue. Sitaki Rollie ajue. Nikipanda ngazi za ghala kesho, sitaki mtu anishike kiuno."

"Basi mimi siendi darasani."

"Utaenda." Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nikikufanya uache na hilo, nitakuwa nimebaki na faida gani humu ndani? Si kuna ile kamera ya Hattie? Mtoto mwenyewe siku hizi anaunganisha usingizi mpaka asubuhi. Iweke kwangu. Niangalie kama unavyomwangalia yeye. Nikilia, niambie ninywe maji."

Kendra alicheka. Na kwa kuwa alicheka, jambo likaonekana dogo. Akaing'oa kamera ukutani kwa Hattie, akaisimamisha juu ya kabati la nguo chumbani kwao, akaielekeza kitandani. Akapima presha kabla ya kutoka, akambusu paji la uso, akaenda.

Darasani aliegemeza simu kwenye kitabu chenye picha za meno. Picha ya kamera ilikuwa ya kijivu, kama ya ndani ya maji. Brant alilala chali, kitambaa usoni, muziki masikioni. Kifua kinapanda, kifua kinashuka. Mwalimu alieleza magego, Kendra akaandika magego, akatazama kifua. Alirudi nyumbani akakuta Brant amekaa sebuleni, ana macho laini. Akakisuuza kikombe alichokikuta kando ya kitanda. Jumatano iliyofuata hivyohivyo. Na iliyofuata. Akaanza kujisifu moyoni kwamba wamepata njia. Baadhi ya wenzake darasani walikuwa na watoto wachanga, nao walitazama simu zao chini ya meza, na mmoja alimnong'oneza, "Wako ana umri gani?"

"Mkubwa kidogo," Kendra alisema.

Kisha ikaja Jumatano ambayo theluji ilianza mapema. Brant alimlaza Hattie, akamsomea hadithi ya dubu, akapitia jikoni. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka siku hizo kabla hata ya dawa, akitamani tu ianze. Kwenye kichanja cha vyombo akaona kikombe cha buluu cha Hattie, chenye kifuniko na mdomo wa kunyonyea, akaona hicho hakimwagiki. Akakichukua. Dawa ilipokwisha kuyeyuka mdomoni alifungua kifuniko, akatema, akakifunika, akakiweka pembeni, akajilaza.

Kwenye simu ya Kendra kikombe kilikuwa cha kijivu kama vitu vingine vyote.

Hattie aliamka, labda kwa sababu ya upepo. Alimwita mama yake kuelekea ukutani, kama alivyozoea, na ukuta haukumjibu. Akashuka kitandani.

Kendra aliona mlango ukifunguka kwenye kioo cha simu. Akamwona binti yake amesimama kizingitini, nguo za kulalia zimemzidi urefu, akiburuta blanketi. Akamwona akienda mpaka kwa baba yake, akampiga shavu kidogo kwa kiganja. Akampiga tena. Akainua kile kitambaa cheusi, na macho ya Brant yalikuwa wazi, yametazama juu, hayamwoni. Hattie akaanza kulia.

Kendra tayari alikuwa ukumbini nje ya darasa, hakukumbuka kusimama. Akabonyeza simu. Alitaka kumtuliza kwanza, kisha ampigie Marlene.

"Hattie! Mama yuko hapa."

Mtoto akanyamaza mara moja. Akageuka, akatafuta sauti, akaiona kamera juu ya kabati, na uso wote ukafunguka. Mama yuko hapa. Akajua la kufanya. Akatazama pembeni mwa kitanda, na kikombe chake kilikuwepo.

"Hattie, hapana! Weka chini! Usinywe, mama, usinywe!"

Hakuwahi kukatazwa na ile sauti. Alikunywa akiwa ameitazama kamera, kama alivyokunywa mbele ya wageni apate kusifiwa. Ilikuwa na ladha ya cheri. Alipomaliza akapanda kitandani, akavuta blanketi lake, akajilaza kando ya baba yake, kama alivyofundishwa.

"Mama, ingia nyumbani kwangu sasa hivi," Kendra alimwambia Marlene. "Mlango wa jikoni. Hattie amekunywa dawa ya Brant."

"Dawa gani? Brant anatumia dawa gani?"

"Kimbia, Mama!"

"Mungu wangu, natafuta viatu—"

"Acha viatu!"

Akapiga simu ya dharura, akarudi kwenye kamera. Hapo ndipo alipokaa, kwenye ukumbi wenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, akitazama. Alimwona Marlene akiingia na ndala zenye theluji, aproni kiunoni. Alimwona akimnyanyua Hattie na shingo ya mtoto ikiangukia nyuma, macho yakicheza upande hadi upande. Alimwona akimpiga Brant kofi, na la pili. "Brant! Mtoto wako! Amka, wewe, mtoto wako!" Mkono wa Brant uliinuka kidogo kutoka kwenye shuka, ukaanguka. Kendra angeweza kuona kila kitu na kusema chochote, na kile kidude kisingeweza hata kumgeuza mtoto ubavu.

Gari la wagonjwa la kwetu linaendeshwa na watu wa kujitolea. Jioni ile ilikuwa zamu ya Rollie. Alisimama mlangoni na begi lake, akamtazama mwenzake wa ghalani aliyelala na kitambaa kimepanda kwenye nywele.

"Mama Marlene," alisema taratibu, "mgonjwa hapa ni mmoja au wawili?"

"Chukua mtoto," Marlene alisema. "Huyu nitabaki naye."

Hospitali ilikuwa kwenye mji uleule wa darasa. Kendra alifika kabla ya gari, akalisubiri mlangoni kwenye theluji. Walimpokea Hattie, wakamwekea hewa puani, wakambandika waya kifuani, na daktari akasema anapumua mwenyewe, tutakaa naye, itamwisha. Ikamwisha. Asubuhi aliomba chapati za sharubati na kulia kwa kuwa hospitali ilikuwa na uji tu. Kendra alimshukuru Mungu kwa kilio kile. Akaamini kwamba wamepewa onyo na wamesamehewa, kwamba sasa mambo yatasemwa waziwazi na mtu atawasaidia.

Marlene akamleta Brant. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbali na kitanda, kofia ya ushirika mikononi, akiizungusha.

"Nilimwona," akasema.

"Ulikuwa umelala, Brant."

"Kwa dawa ile hulali. Ndiyo shida yake, hulali. Nilikuwa juu, kama kwenye dari, nawaona wawili, mimi na yeye. Nikamwona anachukua kikombe. Nikasikia sauti yako." Akazungusha kofia. "Nikasema moyoni, ona mama yake alivyo mpole. Niliona ni kitu kizuri, Kendra. Nilikuwa na furaha. Mkono wangu ulikuwa kama wa mtu mwingine."

Kendra alitaka kumwambia si kosa lake. Alitafuta namna ya kusema hivyo bila kusema ni kosa la nani, hakuipata, akamshika goti.

Mwanamke wa ustawi wa watoto alikuja na viatu vya theluji, mwenye adabu, akakubali kahawa. Alisema Brant asilale nyumba moja na mtoto mpaka daktari wa akili aandike kwamba yuko sawa. Kendra akapiga simu kwa daktari wa akili. Nafasi ilikuwa bado ni kiangazi. Alienda zahanati, na daktari kijana wa pale akamsikiliza vizuri, akasema dawa yenyewe si sumu, inatolewa kliniki, muuguzi yupo, mashine zipo, na mtu akikojoa kwa maumivu inasimamishwa. Kliniki hiyo iko wapi? Mji mkubwa. Ina nafasi? Daktari akatazama mikono yake. Kampuni nayo, ilipopata habari, ilifunga akaunti ya Brant kwa ujumbe mmoja, na kumtakia kila la heri katika safari yake ya kupona. Kendra alipopiga namba yao, ulipigwa muziki wa filimbi mpaka akakata.

Kwa hiyo vyote viwili viliondoka pamoja, kile kilichokuwa kinamharibu na kile pekee kilichowahi kumfungulia dirisha. Na cha tatu, mtoto wake.

Brant alihamia chumba cha chini kwa Marlene, alikolala akiwa mvulana, riboni za maonyesho ya ng'ombe bado zimebandikwa ukutani. Kazini walimwambia arudi akiwa tayari. Safari hii mabakuli yaliletwa, mengi, mpaka mchuzi wa maharage na mikate ya mdalasini vikakosa pa kuwekwa. Yaliletwa kwa ajili ya Hattie.

"Bunduki za marehemu baba yake Brant?" Kendra alimuuliza Marlene uani.

"Nimempa Rollie." Marlene alikuwa anazoa theluji kwa koleo mahali palipokwisha safishwa. "Ungeniambia, binti yangu. Mimi nakaa hapo. Ungevuka barabara tu."

"Hakutaka ujue."

"Najua hakutaka. Baba yake naye hakutaka watu wajue." Akaendelea kuzoa theluji. Baadaye akasema, "Nipe ile kamera. Mimi huwa nasinzia. Angalau tuwe wawili wa kumtazama."

Kendra akampa. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Jumatano hakwenda tena darasani. Kitabu cha meno kilibaki kwenye kiti cha gari, kurasa zikijikunja kwa unyevu, na bado alijiambia atakichukua wiki ijayo. Mchana alikanda mkate, vidole mpaka chini ya kopo, ufunguo upo. Simu aliiegemeza kwenye mtungi wa sukari. Brant alilala amegeukia ukuta. Kifua hakikuonekana kutoka upande ule, ila blanketi lilipanda kidogo ukilitazama sana.

Hattie alipanda kwenye stuli, mikono ina unga. "Baba amelala?"

"Amelala."

Kama aliyesikia, Brant akajigeuza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama kamera muda mrefu, na Kendra akaacha kukanda. Kisha akainuka, akachukua kofia yake ya ushirika msumarini, akaja mpaka karibu, uso wake ukajaa simu nzima, ndevu, macho, na akaitundika kofia juu ya kamera.

Picha ikawa nyeusi.

"Baba amezima taa," Hattie alisema.

Sauti ilikuwa bado inapita. Kendra aliisogeza simu sikioni, akasikia springi za kitanda zikilia, kisha kimya. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuongea. Alikuwa na maneno mengi na hakuna hata moja ambalo hakuwahi kumwambia. Hattie akainama, akambonyezea yeye, kwa kidole chenye unga.

"Hattie yuko hapa," mtoto alisema kwa sauti ya chini. "Kunywa maji yako, Baba. Ulale."

Walisubiri, vichwa vimegusana. Kwenye simu, kule chini kwa Marlene, tanuri la kupashia nyumba joto likawaka, likanguruma, likazima. Kendra akampigia Marlene ashuke akamwangalie. Simu iliita, ikaita.